Namba 4,294,967,297 ni tasa au si tasa? Natafuta njia ya kalamu na daftari

MwalimuWaJioni (Songea)

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za kazi.

Nafundisha tuisheni ya hisabati jioni hapa Songea, kidato cha tatu na cha nne. Tulikuwa kwenye vipeo, binti mmoja akaja ubaoni na mfuatano wake. Anachukua 2, anaizidisha kwa yenyewe, jibu analizidisha tena kwa lenyewe, na kila anapofika anaongeza 1:

2 + 1 = 3
4 + 1 = 5
16 + 1 = 17
256 + 1 = 257
65,536 + 1 = 65,537

Zote ni namba tasa. Akauliza: inayofuata, 4,294,967,297, nayo ni tasa? Na je, mfuatano huu unazaa namba tasa tu, milele?

Darasa zima likahamia kwenye kalkuleta. Zile za dukani zenye tarakimu 8 haziipokei kabisa. Ya sayansi inaipokea, imejaa kioo mwanzo hadi mwisho. Tukagawa kwa 3, 7, 11, 13, 17, 19, 23, tukaenda hadi tukavuka 100, na kila mara inabaki kitu. Muda ukaisha. Nimewaahidi jibu.

Najua kuna tovuti zinazojibu swali hili mara moja. Mimi nataka kujua mtu anafikaje kule kwa kalamu, maana yule binti hataridhika na "kompyuta imesema", na mimi pia siridhiki.

FundiKodi_MSA (Mombasa)

Mwalimu, salaam. Kuna kipimo maarufu cha namba tasa: ukiwa na N, chukua 2 kwa kipeo cha N − 1, gawa kwa N, tazama baki. Baki ikiwa si 1, N si tasa. Nimeandika programu fupi nikaipitisha namba yako, baki imetoka 1 kamili. Kwa hiyo inaelekea ni tasa.

Mstaafu_Chumbageni (Tanga)

Marahaba mwalimu, na hongera kwa kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo. Mpe salamu zangu, umwambie swali lake lina umri wa karibu miaka 400. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse huko Ufaransa, aliuandika mfuatano huohuo kwenye barua zake mwaka 1640. Naye aliona kama alivyoona binti yako, kwamba tano za kwanza ni tasa, akaamini na zinazofuata ni tasa, ingawa alisema wazi kwamba uthibitisho hana. Mwaka 1729 Christian Goldbach akampelekea Leonhard Euler habari za dai hilo. Mwaka 1732 Euler, kijana wa miaka 25 aliyekuwa St. Petersburg, akatoa jibu:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Kwa hiyo si tasa. Darasa lako lilikuwa njiani. 641 ni namba tasa ya 116 ukihesabu kuanzia 2, na mngevumilia mngeifikia. Lakini kama kigawo kisingekuwepo, mngelazimika kuzijaribu namba tasa zote zilizo chini ya 65,536, nazo ni 6,542. Hakuna darasa la kufanya hivyo, na Euler hakufanya hivyo.

Sasa tuje kwenye ulichouliza, yaani njia. Nimefundisha sekondari hadi nikastaafu, na hili ni somo ambalo ningelifundisha hata leo kama ningepewa chaki.

Usiitazame namba kama mlolongo wa tarakimu kumi. Itazame kama 2^32 + 1, yaani 2 kwa kipeo cha 32, ukaongeza 1, kwa sababu humo ndimo siri yote ilimo. Halafu badala ya kuuliza "nani anaigawa?", uliza hivi: kama ipo namba tasa p inayoigawa, hiyo p lazima iwe ya sura gani?

Andika mfuatano 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kila namba uigawe kwa p na uandike baki tu. Baki hizo zinakwenda kwa mzunguko kama daladala: zinatoka kituo cha 1, zinapita vituo vyake, zinarudi kwenye 1, kisha zinaanza njia ileile upya. Tunachotaka ni idadi ya vituo.

Kwa kuwa p inagawa 2^32 + 1 bila baki, basi 2^32 yenyewe inabakiza p − 1. Hiyo ni pungufu ya p kwa 1 tu, kwa hiyo tuiite baki ya −1. Zidisha −1 kwa −1 unapata 1, maana yake 2^64 inabakiza 1. Kwa hatua ya 64 tumerudi kituo cha kwanza. Basi idadi ya vituo lazima igawe 64, nayo ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 au 64. Lakini ingekuwa 32 au yoyote iliyo chini yake, hatua ya 32 ingetukuta kwenye 1, na tumeshaona inatukuta kwenye −1. Kwa hiyo vituo ni 64 kamili.

Hapo Fermat mwenyewe anatupa silaha. Mwaka huohuo wa 1640 alieleza kwamba p ikiwa tasa na si 2, basi 2^(p−1) ikigawanywa kwa p inabakiza 1. Kwa hiyo hatua ya p − 1 nayo inatukuta kituo cha kwanza, na p − 1 lazima iwe kigawe cha 64. Yaani p ni 64k + 1, basi. Namba tasa nyingine zote zimetoka mchezoni bila kuguswa.

Ziandike: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Toa zisizo tasa (65 inagawanyika kwa 5, 129 kwa 3, na kadhalika). Zinabaki tano: 193, 257, 449, 577, 641. Kutoka 6,542 hadi kigawo kinapatikana kwenye jaribio la tano! Kila nikifika hapa nasisimka, hata baada ya miaka yote hiyo.

Na usigawe ile namba kubwa. Tembea na baki. Anza na 2^8 ambayo ni 256, izidishe kwa yenyewe upate baki ya 2^16, hiyo nayo izidishe kwa yenyewe upate baki ya 2^32. Kwa 641:

2^8 = 256
2^16 = 65,536. Toa 641 × 102, yaani 65,382, inabaki 154
2^32: 154 × 154 = 23,716. Toa 641 × 36, yaani 23,076, inabaki 640

Ongeza 1: 640 + 1 = 641. Imegawanyika. Hakuna namba iliyozidi tarakimu tano humo ndani, hata ile kalkuleta ya dukani inatosha. Nne zilizotangulia, ukizipitisha njia hiyohiyo, namba yetu inabakiza 109 kwa 193, 2 kwa 257, 325 kwa 449 na 288 kwa 577. Waache vijana wazihakiki wenyewe, moja kwa kila dawati.

Ndugu yangu FundiKodi, programu yako haina kosa. Tatizo ni kwamba 2 haiwezi kuikamata namba ya aina hii. Ukigawa kwa N = 2^32 + 1 yenyewe, tumeona 2^64 inabakiza 1. Na N − 1 ni 2^32, ambayo ni kigawe cha 64. Kwa hiyo 2^(N−1) itabakiza 1 tu, N iwe tasa isiwe tasa. Badili, weka 3 mahali pa 2. Utapata baki 3,029,026,160, na hapo namba imejisema yenyewe kwamba si tasa, hata kabla hujakijua kigawo chake kimoja.

FundiKodi_MSA (Mombasa)

Shikamoo Mwalimu. Nimeweka 3, baki imetoka vilevile ulivyoandika, 3,029,026,160. Ahsante sana, kumbe kile kipimo hakitoshi kwa namba moja tu.

Nami niongeze jambo kutoka kazini. Jirani wa namba hiyo, 4,294,967,295, namjua siku nyingi. Wateja huja dukani na flashi ya GB 32, nafasi imejaa tele, lakini wakitaka kuweka filamu moja ndefu inakataa, inasema faili ni kubwa mno. Flashi nyingi huja zimefomatiwa kwa FAT32, na humo ukubwa wa faili moja huandikwa kwa biti 32. Namba kubwa kuliko zote unayoweza kuandika kwa biti 32 ni 2^32 − 1, yaani 4,294,967,295. Faili likizidi hapo hata kwa baiti moja, haliingii. Nikiifomati upya kwa exFAT, linaingia. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani, zile za namba nne zenye nukta katikati, nazo zina biti 32, kwa hiyo jumla yake ni 4,294,967,296.

Nusukipenyo (Dodoma)

Kuna uthibitisho wa mistari michache ambao binti anaweza kuukariri. 641 ni 5 × 128 + 1, na vilevile ni 625 + 16, yaani 5^4 + 2^4.

Kutoka ya kwanza: 5 × 2^7 inabakiza −1 ukigawa kwa 641. Ipandishe kwa kipeo cha 4: 5^4 × 2^28 inabakiza 1.
Kutoka ya pili: 5^4 ni sawa na −2^4.
Weka ya pili ndani ya kwanza: −2^4 × 2^28 inabakiza 1, yaani −2^32 inabakiza 1, kwa hiyo 2^32 + 1 inabakiza 0.

Hakuna kuzidisha namba kubwa hata mara moja.

Mstaafu_Chumbageni (Tanga)

Nusukipenyo, uthibitisho huo ni mzuri mno, na huwa nauandika ubaoni mwisho wa kipindi. Lakini kwa mwanafunzi naanza na vituo 64, kwa sababu hiyo njia yako inamhitaji mtu aliyekwisha kuijua 641. Anayeanza gizani haina pa kumshikia. Ile ya vituo inampeleka hadi mlangoni.

FundiKodi, nashukuru kwa kunikumbusha jirani huyo, maana ana jambo kubwa ambalo sikutaka kulichanganya na lile la kwanza. Mwalimu, mwambie binti azidishe namba zake tano za ubaoni:

3 × 5 = 15
15 × 17 = 255
255 × 257 = 65,535
65,535 × 65,537 = 4,294,967,295

Kila hatua inatoa pungufu ya 2 kutoka namba inayofuata kwenye mfuatano wake. Ni ile kanuni ya kidato cha pili, tofauti ya vipeo viwili: (a − 1)(a + 1) = a² − 1. Matokeo yake ni kwamba 4,294,967,297 ikigawanywa kwa yoyote kati ya zile tano lazima ibakize 2. Ndiyo maana 257 ilibakiza 2 kwenye orodha yangu, na ndiyo maana kugawa kwa 3 na kwa 17 pale darasani kusingefaa kitu. Na kwa kuwa zote ni witiri, hakuna mbili katika mfuatano huu, hata ukienda mbali kiasi gani, zenye kigawo cha shirika zaidi ya 1.

Sasa bikari na rula. Carl Friedrich Gauss, mwaka 1796, alionyesha kwamba umbo sawa lenye pande 17 linaweza kuchorwa kwa bikari na rula isiyo na vipimo. Tangu Wagiriki wa kale hakuna aliyekuwa ameongeza umbo jipya la namna hiyo. Kanuni kamili ni kwamba idadi ya pande, ukishaondoa vigawo vyote vya 2, iwe 1 au zao la namba tasa za mfuatano wa Fermat zisizojirudia. Gauss alitoa nusu moja ya kanuni, nusu ya pili, ya kwamba nyingine haziwezekani, ilithibitishwa na Pierre Wantzel mwaka 1837. Kwa namba tasa tano tunazozijua, idadi za pande zilizo witiri zinazowezekana ni 31, kuanzia 3, 5, 15, 17 na kuendelea. Kubwa kuliko zote ni 4,294,967,295. Namba inayokataza filamu ya mteja wako kuingia kwenye flashi ndiyo idadi kubwa kabisa ya pande witiri ambayo mpaka leo tunajua inachorwa kwa bikari na rula. Hakuna atakayeichora, umbo hilo kwa macho ni duara tupu. Lakini inawezekana, na umbo la pande 7 tu haliwezekani. Hilo huwa linawanyamazisha wanafunzi.

MwalimuWaJioni (Songea)

Mzee wangu, sina la kukulipa. Nimewapa vijana ile ya kutembea na baki, kila dawati namba yake, na baki zote zimetoka kama ulivyoandika. Dawati la nyuma, ambalo huwa nalisukuma kila siku, ndilo lililopata 640 wakaanza kupiga kelele kabla hawajaongeza 1.

Binti ameshakuja na mawili mengine. La kwanza: 6,700,417 nayo ni tasa, au bado inavunjika? La pili: zinazofuata kwenye mfuatano je? Ipo nyingine iliyo tasa?

Mstaafu_Chumbageni (Tanga)

Naanza na la pili, maana ni fupi na ni la kusikitisha kidogo kwa mpenda namba tasa. Baada ya 65,537 haijawahi kupatikana nyingine. Inayofuata, 2^64 + 1, ilivunjwa na Mfaransa Fortuné Landry mwaka 1880: 274,177 × 67,280,421,310,721. Iliyofuata, 2^128 + 1, ilisubiri hadi 1970, Morrison na Brillhart, kwa kompyuta. 2^256 + 1 ikavunjwa mwaka 1980 na Brent na Pollard. Tukiihesabu 3 kuwa nambari 0 na ile ya binti kuwa nambari 5, basi kuanzia nambari 5 hadi nambari 32 zote zimethibitishwa kuwa si tasa, nyingine bila hata kigawo chake kimoja kujulikana. Hakuna aliyethibitisha kwamba hakuna tasa nyingine mbele huko. Swali la binti yako, kwa sehemu hiyo, liko wazi hadi leo. Mwambie hivyo hivyo, asidhani hisabati imekwisha.

Kwa 6,700,417, hapa kuna kazi tamu. Kipeuo chake cha pili ni 2,588 na kitu, kwa hiyo inatosha kujaribu namba tasa zilizo chini ya hapo. Kigawo chochote cha 6,700,417 ni kigawo pia cha namba yetu kubwa, kwa hiyo lazima kiwe 64k + 1. Mwaka 1878 Édouard Lucas alikaza zaidi: lazima kiwe 128k + 1. Sababu yake ni hii. p ikiwa 64k + 1, inabakiza 1 ikigawanywa kwa 8, na kwa namba tasa za aina hiyo daima ipo namba nzima s ambayo s × s inabakiza 2 ukigawa kwa p. Basi s^64 ni sawa na 2^32, yaani −1, na mzunguko wa s una vituo 128 badala ya 64. Hoja ni ileile, njia tu imerefuka.

Kwa hiyo orodha ni 129, 257, 385, 513, 641, 769, 897, 1,025, 1,153, 1,281, 1,409, na kuendelea hadi 2,561. Wafanye vijana wazichuje. Zitakazobaki ni tano tu: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Wagawe 6,700,417 kwa kila moja, kugawa kwa kawaida, kalamuni, bila kalkuleta. Zote zikibakiza kitu, wameshathibitisha kwamba ni tasa, na uthibitisho huo hauna upungufu wowote.

Na kama kuna anayedhani 65,537 nayo imekubaliwa kuwa tasa kwa mazoea tu, mpe hii wakati anasubiri wenzake: kigawo chake lazima kiwe 32k + 1 kwa hoja ya vituo, au 64k + 1 kwa ile ya Lucas, na kisizidi 256. 65 na 129 si tasa. Inabaki 193 peke yake. Mgawanyo mmoja, basi.

Nusukipenyo (Dodoma)

65,537 kwa 193: 193 × 339 = 65,427, inabaki 110. Kweli, mstari mmoja tu. Nimesoma namba tasa miaka yote hii na sikuwahi kuithibitisha 65,537 kwa mkono wangu.

MwalimuWaJioni (Songea)

Tumemaliza jioni hii. Kuchuja orodha ndiko kulikochukua muda kuliko kugawa: walikwama kwenye 1,793 hadi mmoja akakumbuka kanuni ya 11 (ni 11 × 163), na 2,561 wakaibana kwa 13. Baki za 6,700,417 ni hizi, zimehakikiwa na madawati mawili mawili:

kwa 257, inabaki 170
kwa 641, inabaki 44
kwa 769, inabaki 120
kwa 1,153, inabaki 334
kwa 1,409, inabaki 622

Ni tasa. Binti amechukua 274,177 nyumbani. Ameshaona mwenyewe kwamba ni 256 × 1,071 + 1, na anataka kutembea na baki kutoka 2^8 hadi 2^64 bila kusaidiwa.